Maswali ya Wasomaji: Theluji ya Mlimani, Maji ya Bondeni

Maswali ya mwezi huu nimeyaweka pamoja kwa sababu yote yanahusu maji yanayoshuka kutoka kwenye theluji na barafu za milimani. Toleo lililopita niliigusa habari hiyo kwa mistari michache tu, na barua zikaja kwa wingi. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kupima mito, na mito inayolishwa na theluji ndiyo inayonigusa kuliko mingine yote. Mnivumilie basi pale nitakaporefusha.

SWALI: Mwalimu, hapa sielewi. Mvua ni maji, theluji nayo ni maji. Zote hutoka mawinguni na zote huishia mtoni. Kwa mtu anayelima bondeni, mamia ya kilomita kutoka mlimani, kuna tofauti gani kama kilichoanguka kule juu kilikuwa mvua au theluji?

JIBU: Tofauti iko kwenye siku ya kufika. Mvua ikinyesha mlimani leo, sehemu yake kubwa itapita bondeni ndani ya siku chache, mkulima awe anaihitaji au haihitaji. Theluji iliyoanguka wakati wa baridi hukaa kule kule juu kwa miezi mitatu, minne, hata sita, bila bwawa wala lango la kuizuia. Joto likirudi ndipo huanza kushuka, na mara nyingi huo ndio wakati ambao mbegu zimeshaingia ardhini na bondeni hakuna wingu.

Tena haishuki kwa pupa. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji kilojuli 334 za joto, kiasi ambacho kingetosha kuipasha kilo hiyo hiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Ndiyo maana siku moja ya jua kali haiwezi kuimaliza theluji ya mlima mzima. Inapunguza kidogo, kesho kidogo, na maji yanapata nafasi ya kuzama ardhini na kulisha chemchemi badala ya kukimbilia mtoni yote kwa mkupuo.

Nimewahi kukaa kando ya kijito chini ya safu ya Cordillera Blanca, nchini Peru, nikisoma ubao wa kupimia kina. Alfajiri maji yalikuwa chini, mtu anavuka kwa kukanyaga mawe. Alasiri yalikuwa yamejaa, yamebadilika rangi, mawe yale hayaonekani. Usiku yakarudi chini. Mbingu ilikuwa safi bila wingu kutwa nzima, hakuna tone lililoanguka. Kijito kile kilikuwa kinafuata jua. Hebu fikiria maana yake kwa walio chini: mwaka ukiwa mkavu na wa joto, mito ya mvua hukonda, ilhali mto unaotoka kwenye barafu hupata maji zaidi. Ukame unapobana ndipo mlima unapotoa. Hakuna bwawa lililojengwa na binadamu linaloweza kufanya hivyo kwa hiari yake.

Mfano mkubwa kuliko yote ni mto Indus. Unaanzia Tibet, unapita Ladakh, unapokea vijito vya milima ya Karakoram, kisha unaingia kwenye tambarare za Pakistani ambazo, bila mto huo, sehemu kubwa zingekuwa jangwa. Zaidi ya nusu ya maji ya Indus ya juu yanatokana na theluji na barafu. Wakulima wa huko hupanda pamba na mpunga kuanzia mwezi wa Aprili hadi Juni, kabla pepo za monsuni hazijaleta mvua mwezi wa Julai. Katika pengo hilo wanashikiliwa na theluji iliyoanguka miezi mingi nyuma. Mnamo Desemba 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliolinganisha maeneo 78 ya milima duniani yanayowapa watu maji, na Indus ndio uliotegemewa kuliko yote. Utafiti huo ulikadiria kwamba watu bilioni 1.9 wanaishi kwenye milima hiyo au chini yake, mahali ambapo mabadiliko ya maji yake yatawagusa moja kwa moja.

Ila usidhani kila mto wenye theluji kwenye chanzo chake unategemea theluji kwa kiasi kile kile. Ganga nao unatoka Himalaya, lakini sehemu ya theluji na barafu katika maji yake ni ndogo zaidi, kwa sababu huko mvua kubwa za monsuni hunyesha wakati ule ule wa kuyeyuka. Anayetaka kujua mto unategemea nini asitazame vilele peke yake. Atazame pia mvua hunyesha mwezi gani.

SWALI: Barafu ya Kilimanjaro ikiisha, mito inayotoka kwenye mlima huo itakauka?

JIBU: Hapana, na ningependa jambo hili lijulikane kwa sababu hofu imewekwa mahali pasipo pake. Barafu ya Kilimanjaro ni ndogo sana ukilinganisha na maji yanayotoka mlimani. Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake imeshapotea, na sehemu kubwa ya barafu inayoondoka haiteremki kama maji. Hewa ya kule juu ni kavu, na barafu hugeuka mvuke moja kwa moja na kupotelea angani. Mito na chemchemi za mlima ule hulishwa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu uliouzunguka mlima katikati. Moto wa msituni na shoka ndivyo vinavyotishia maji ya walio chini. Mtu anayeililia barafu huku msitu ukiendelea kukatwa, machozi yake yameelekea upande usio wao.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tumefundishwa kwamba barafu za milimani zinayeyuka kwa kasi kuliko zamani. Kama ni hivyo, si maji ya mito yataongezeka? Mbona inasemwa ni hatari?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefikiri sawasawa: maji yanaongezeka kweli, ila kwa muda tu.

Barafuto ni pande kubwa la barafu linaloteleza polepole kutoka mlimani, lililojengwa na theluji ya miaka mingi iliyoshindiliana. Katika hali ya kawaida, theluji inayoongezeka juu kwa mwaka inalingana na barafu inayoyeyuka chini. Hapo bonde linakunywa faida. Dunia ikipata joto, kinachoyeyuka kinazidi kinachoongezeka. Mto unajaa, watu wanafurahi, kumbe wameanza kula mtaji. Barafuto inasinyaa mwaka hadi mwaka, na unafika wakati ambapo hata ikiyeyuka kwa nguvu zote haina tena ukubwa wa kutoa maji iliyokuwa ikitoa. Kilele kimepita, na baada ya hapo maji ya kiangazi hupungua kila muongo.

Utafiti wa mwaka 2018 uliangalia mabonde makubwa 56 yenye barafuto kwenye vyanzo vyake na ukaonyesha kwamba karibu nusu yake yameshakivuka kilele hicho. Yaliyotangulia ni yale yenye barafuto ndogo, kama ya milima ya Andes na Alps. Uswisi peke yake ilipoteza asilimia 10 ya barafuto zake ndani ya miaka miwili, 2022 na 2023. Kule Bolivia kulikuwa na barafuto ya Chacaltaya, juu ya mita 5,000, ambayo watu walikuwa wakiteleza juu yake kwa mchezo. Mwaka 2009 haikuwepo tena.

Naomba usichanganye mambo mawili hapa. Barafuto ikiisha, mto haukauki mwaka mzima. Mvua zitaendelea kunyesha, na jumla ya maji ya mwaka huenda isibadilike sana. Kinachopotea ni maji ya miezi mikavu, na hiyo ndiyo miezi ambayo uhai wa watu unayategemea. Kwa mji wa La Paz, nchini Bolivia, barafuto zimekuwa zikichangia wastani wa karibu asilimia 15 tu ya maji kwa mwaka, lakini katika miezi ya kiangazi mchango huo hukaribia mara mbili ya hapo. Mtu akitazama wastani wa mwaka atasema tatizo ni dogo. Muulize aliyekuwa La Paz mwezi wa Novemba 2016, mabwawa yalipopungua kupita kiasi na serikali ikatangaza hali ya dharura, watu wakipanga foleni na ndoo kusubiri magari ya maji. Sababu za shida ile zilikuwa kadhaa, ukame ukiwa mbele, lakini mji uliokuwa na akiba kubwa ya barafu juu yake ulikuwa umebaki na akiba ndogo.

Kuna hatari nyingine inayonisumbua zaidi, nayo haitajwi sana. Maji ya ziada yanapokuja, watu hujenga maisha juu yake. Kwenye pwani ya Peru kuna jangwa halisi, na mradi wa Chavimochic umelipa jangwa hilo uhai kwa mfereji unaochota maji ya mto Santa, ambao hulishwa na barafuto za Cordillera Blanca. Mashamba makubwa, ajira nyingi, miji iliyokua. Mahesabu ya mradi wa namna hiyo yakifanywa wakati mto uko kwenye miaka yake ya kujaa, watoto wa wafanyakazi wale watarithi mfereji mpana kuliko maji yake. Sisemi wasilime. Nasema hesabu ya maji ifanywe kwa mto utakaokuwepo, si huu tunaouona leo.

Na si barafuto pekee. Theluji ya kawaida, ile inayokuja na kuondoka kila mwaka, nayo imeanza kubadilika. Joto likipanda kidogo, kile ambacho kingeanguka kama theluji kinaanguka kama mvua, na kilichobahatika kuwa theluji kinayeyuka mapema. Tarehe 1 Aprili 2015 gavana wa California, Jerry Brown, alisimama kwenye nyasi kavu katika kituo cha kupimia theluji cha Phillips, kwenye milima ya Sierra Nevada, mahali ambapo kwa kawaida tarehe hiyo angezama kwenye theluji. Mwaka ule theluji ya jimbo ilikuwa na asilimia 5 tu ya maji ya kawaida. Hapo hapo aliagiza miji ipunguze matumizi kwa asilimia 25. Jimbo lile hutegemea theluji ya Sierra kwa takriban asilimia 30 ya maji yake.

SWALI: Nimeona picha za maziwa ya milimani yenye rangi ya feruzi, mazuri mno. Je, maji ya barafu si ndiyo safi kuliko yote? Mtu anaweza kunywa bila kuchemsha?

JIBU: Achemshe. Barafu hubeba vumbi, masizi, kinyesi cha wanyama na vijidudu vinavyostahimili baridi, na kadiri maji yanavyoteremka ndivyo yanavyookota mengine.

Rangi ile ya feruzi, kama ya Ziwa Louise nchini Kanada, inatokana na unga wa mawe. Barafuto inapoteleza inasaga mwamba ulio chini yake hadi kuwa unga laini ambao hauzami upesi. Unaelea majini na kuyarudishia macho yetu mwanga wa buluu na kijani. Mto unaotoka hapo karibu huwa na rangi ya maziwa. Kwa mitambo ya kufua umeme unga huo ni adui, maana hukwangua vyuma kama msasa, na wahandisi hulazimika kujenga mabwawa ya kuutuliza kabla maji hayajaingia.

Lakini kuna rangi nyingine ambayo msomaji huyu pengine hajaiona kwenye picha. Katika Cordillera Blanca, barafuto zilipojitoa ziliacha wazi miamba yenye madini ya salfa iliyokuwa imefunikwa kwa muda mrefu mno. Miamba hiyo ikikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi huyeyusha chuma na metali nyingine. Mto mmoja wa huko, Río Negro, umekuwa na mawe mekundu ya kutu, na wanavijiji waliokuwa wakinywesha mifugo humo wamelazimika kutafuta maji kwingine. Maji yapo, unayasikia yakipita, na huwezi kuyanywa. Kuyachemsha nako hakusaidii, kwa sababu metali haziondoki kwa moto. Kwa hiyo ukiniuliza kama barafu inalinda usafi wa maji, nitakujibu kwamba mahali pengine ilikuwa inaulinda kwa kufunika tu.

SWALI: Je, ni kweli nchi zinaweza kugombana kwa sababu ya theluji?

JIBU: Zinagombania mwezi wa kuifungulia. Mto Naryn unashuka kutoka milima ya Tian Shan, Kirigizistani, na ndio chanzo kikuu cha Syr Darya inayomwagilia Uzbekistani, Tajikistani na Kazakistani. Juu yake kuna bwawa kubwa la Toktogul. Enzi za Muungano wa Kisovyeti mpango ulikuwa huu: bwawa linazuia maji wakati wa baridi na kuyaachia majira ya joto kwa ajili ya pamba ya walio chini, nao walio chini wanapeleka makaa ya mawe na gesi juu ili watu wa mlimani wapate joto. Muungano ukavunjika mwaka 1991, na mpango ukavunjika nao. Makaa na gesi zikawa za kununuliwa kwa bei ya soko. Kirigizistani, yenye baridi kali na mafuta haba, ikaanza kufungulia maji wakati wa baridi ili ifue umeme. Huko chini yakawa mafuriko mwezi wa Januari na uhaba mwezi wa Julai. Kazakistani ililazimika kujenga hifadhi nyingine, Koksaray, ili kudaka maji ya mafuriko hayo.

Sioni mkosaji hapo. Mama wa mlimani anayetaka chumba cha watoto kiwe na joto ana haki, na mkulima wa bondeni ana haki. Waliweza kuishi pamoja pale kila mmoja alipompa mwenzake kile alichokikosa, na nadhani makubaliano ya namna hiyo ndiyo yanayofaa kurudiwa.

SWALI: Ndugu Mwalimu, niko ughaibuni, nafanya kazi kwenye mashamba ya umwagiliaji yanayotegemea mto wa theluji. Nimeingizwa kwenye kamati ya watumia maji. Wenzangu wanasema theluji ni kazi ya Mungu, hatuna la kufanya. Kweli hatuna?

JIBU: Ndugu yangu, hamuwezi kuamuru theluji ianguke, lakini yapo ya kufanya.

La kwanza, mjue mnacho kiasi gani kabla hakijaanza kushuka. Mwanzoni mwa karne ya 20, James Church, aliyekuwa akifundisha lugha na maandiko ya kale katika Chuo Kikuu cha Nevada, alikuwa akipanda Mlima Rose wakati wa baridi na bomba la chuma. Alilichomeka kwenye theluji hadi chini, akalitoa, akalipima uzito. Uzito ndio unaosema ukweli. Kina peke yake kinadanganya: sentimita 10 za theluji mpya huweza kutoa sentimita 1 tu ya maji, wakati theluji ya zamani iliyoshindiliwa hutoa mara tatu au nne ya hapo. Njia hiyo ilienea, na hadi leo vipimo vya theluji vya mwisho wa majira ya baridi ndivyo vinavyowaambia wakulima wengi wapande ekari ngapi. Ulizeni mamlaka ya maji ya huko mliko kama vipimo hivyo vipo. Vikiwepo, visomwe kwenye mkutano wenu kabla ya kugawana zamu za mfereji.

La pili, mnaweza kusogeza tarehe ya maji. Ladakh, kaskazini mwa India, hupata mvua ya takriban milimita 100 kwa mwaka, na shida yao kubwa ni mwezi wa Aprili na Mei, wakati wa kupanda, kwa kuwa barafuto za juu zinachelewa kuyeyuka. Mhandisi Chewang Norphel alianza kujenga kuta fupi kwenye mabonde yenye kivuli, ili maji yanayopotea bure wakati wa baridi yatulie na kuganda. Baadaye mhandisi mwingine wa huko, Sonam Wangchuk, aliyaleta maji kwa bomba kutoka juu, yakaruka hewani usiku wa baridi kali na kuganda yakianguka, hadi ukasimama mlima mdogo wa barafu wenye umbo la pia iliyogeuzwa. Umbo hilo huficha barafu nyingi na jua, kwa hiyo hudumu hadi wakati wa kupanda. Hawakuongeza hata tone moja. Walichelewesha tu, kama theluji inavyochelewesha.

La tatu, kama juu yenu kuna ziwa lililozuiwa na kifusi cha barafuto, ulizeni nani analitazama. Tarehe 13 Desemba 1941 ziwa la Palcacocha lilipasuka juu ya mji wa Huaraz, Peru, na watu wasiopungua 1,800 walikufa. Oktoba 2023, ziwa la South Lhonak huko Sikkim, India, lilimwagika usiku na kulibomoa bwawa la umeme la Chungthang. Ziwa la namna hii hukua kadiri barafu inavyorudi nyuma. Mabomba ya kupunguza maji yake na king'ora cha tahadhari ni mambo yanayowezekana, na kamati ya watumia maji ina haki ya kuyadai kwa maandishi.

Halafu tafuteni kumbukumbu za zamani za mto wenu, hata kama ni daftari la mlinzi wa lango la mfereji. Msianze na jumla ya mwaka. Angalieni ni wiki gani maji hufikia kilele, mwaka baada ya mwaka, na kama wiki hiyo imekuwa ikija mapema zaidi, kuelekea majira ya baridi. Ukizipata, niletee nakala, tuzisome pamoja katika toleo lijalo.